Ghala Letu la Zamani

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Wanachama wa Keza,

Kabla hatujapiga kura ya kubomoa ghala letu la zamani, naomba tulikumbuke Boma la Kale la Dar es Salaam. Lilijengwa zamani za Sultani Majid, miaka ya 1866 na 1867, kwa mawe ya matumbawe. Baadaye likawa ofisi za serikali. Mwaka 1979 lilikaribia kubomolewa, likaokolewa. Na mwaka 2017 likafunguliwa kuwa nyumba ya maonyesho ya majengo ya mji.

Ghala letu si la sultani, na paa linavuja, sikatai. Lakini kuta ni nzima. Humo kina mama watapata pa kukutania, na vijana pa kusomea. Naomba Halmashauri ituletee kwanza hesabu ya mabati.