Neno "Kata" na Maana Zake
Somo la Redio kwa Madarasa ya Watu Wazima

Nazungumza na madarasa ya Izimbya na ya kata za jirani, huku Bukoba na kule Muleba. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni neno moja tu, kwa herufi kubwa: KATA. Wanafunzi, lisomeni pamoja kwa sauti. Vema.

Neno hili ni jepesi. Lina herufi nne, na sauti zake mlijifunza katika majuma ya kwanza. Lakini kulisoma neno ni kazi moja, na kujua limekusudia nini ni kazi nyingine. Leo tutalifuata neno hili kutoka shambani mpaka mahakamani. Njiani mtaona kwamba mtu asiyelielewa aweza kupoteza fedha zake, na hata kibanja chake.

Tuanze shambani. Mama anamwambia kijana wake, "Kata mkungu ule uliokomaa." Kijana anachukua panga, anakata. Hapa hakuna fumbo. Kuna chombo chenye makali, na kitu kilichokuwa kimoja sasa ni viwili. Anayezungumza Kihaya nyumbani awe mwangalifu kidogo, kwa sababu Kihaya husema okutema, naye aweza kujisahau akasema kwa Kiswahili, "Nimetema mti." Kiswahili cha zamani kinalo neno hilo kwa kazi ya panga na shoka, lakini siku hizi wengi wakisikia kutema hufikiri mate.

Sasa sikilizeni sentensi ya pili. Bwana mmoja ametoka juani, amekunywa juisi ya ndizi, anasema, "Nimekata kiu." Panga liko wapi? Halipo. Kiu ilikuwa inaendelea, sasa imekoma. Basi hapa kukata ni kukomesha. Ndivyo ilivyo katika kukata tamaa, na ndivyo ilivyo tunaposema mgonjwa amekata roho. Kadhalika wazee wakikaa tangu asubuhi juu ya posa ya binti yao, na jioni wakakubaliana, twasema wamekata shauri. Hawakulivunja shauri, wamelifikisha mwisho.

Hapo mwalimu aandike sentensi mbili, moja chini ya nyingine:

Baba amekata shauri.
Baba amekataa shauri.

Zitazameni vizuri. Tofauti ni herufi moja tu, a moja iliyoongezwa mwishoni mwa neno la pili. Katika sentensi ya kwanza baba ameamua. Katika ya pili baba hataki. Mwenye kusoma haraka haraka ataipita herufi hiyo, kisha atakwenda kuwaambia jamaa kwamba mambo yamekwisha, kumbe ndiyo kwanza yanaanza.

Yako matumizi mengine ambayo nitayapitia upesi. Twakata tiketi na twakata stakabadhi, kwa sababu karatasi ilikuwa ikichanwa kutoka katika kitabu, na kishina kikabaki kwa mwenye kitabu. Siku hizi dukani mashine hutoa karatasi yenyewe, wala hakuna kitabu, lakini bado twasema, "Nikatie risiti." Neno hubaki hata kazi yake ya kwanza ikiondoka. Na huko pwani kata ni chombo cha kuchotea maji, kifuu cha nazi kilichotiwa mpini. Sisi huku hatuna minazi mingi, basi tusikawie hapo.

Tukae zaidi kidogo kwenye kata tunayoishi. Izimbya ni kata. Hapa neno si tendo tena, ni jina la mahali penye ofisi na diwani wake. Ukitaka kulikumbuka, fikiri mkungu wa ndizi: wilaya ni mkungu, na kata ni vichane vyake. Wazee wa darasa watawaambia vijana kwamba zamani za ukoloni katika Buhaya hatukusema kata, tulisema gombolola, na chini ya gombolola ilikuwako miluka. Mwaka 1963 sheria iliondoa utawala wa machifu, na mwaka 1969 ikatungwa sheria ya Kamati za Maendeleo za Kata. Ukivuka mpaka ukaenda Kenya utalisikia neno hilohilo, lakini huko kata ni eneo la chifu, na eneo la diwani wao huliita wadi. Barua ikiandikwa huko na kusomwa hapa, mtu aweza kufikiri inazungumza juu ya ofisi nyingine kabisa.

Kuna jambo moja hapa ambalo linawachanganya watu wengi, nalo ni Baraza la Kata. Wako wanaodhani jina hilo maana yake ni baraza linalokata mashauri. Sivyo. Maana yake ni baraza la eneo linaloitwa kata. Kwa miaka mingi baraza hilo liliweza kweli kuamua migogoro ya ardhi. Lakini tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, kazi yake katika mashauri ya ardhi ni kupatanisha tu. Kwa hiyo Baraza la Kata halikati tena shauri la shamba. Wasipopatana wenye ugomvi, shauri huendelea mbele, kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mkazi wa kijijini akikosa kulijua hilo, ataondoka barazani akidhani amekwisha shinda au amekwisha shindwa.

Sasa tufike kwenye kahawa. Mwalimu aandike:

Fedha zimekatika.
Fedha zimekatwa.

Neno kukatika halionyeshi mtendaji. Kamba imekatika: imechakaa, hakuna wa kulaumiwa. Neno kukatwa lina mtu nyuma yake, hata kama hakutajwa. Umeme ukikatika, pengine mti umeangukia waya. Umeme ukikatwa, yuko mtu aliyekuja akaukata, na bila shaka anayo sababu yake. Kwa hiyo mkulima akiambiwa, "Fedha zako zimekatwa," ana haki ya kuuliza maswali mawili: Zimekatwa na nani? Zimekatwa kwa ajili ya nini?

Tupige hesabu ya mfano. Bei hii nimeiweka tu ili hesabu iwe rahisi. Mkulima amepeleka chamani kilo 120 za kahawa. Bei ni shilingi 3,000 kwa kilo. Jumla ni shilingi 360,000. Makato ni shilingi 100 kwa kila kilo, yaani shilingi 12,000. Anapaswa kupokea shilingi 348,000. Akipewa shilingi 336,000, ajue ya kwamba amekatwa mara mbili. Huenda mara ya pili ni deni la pembejeo alilolisahau, nalo ni halali. Huenda ni kosa la mwandishi. Hawezi kujua mpaka atafute katika karatasi yake neno makato, asome yaliyoandikwa mbele yake, na kuuliza. Mimi simlaumu mkulima anayenung'unika akienda nyumbani. Lakini kunung'unika njiani hakurudishi shilingi 12,000.

Kuna kukata kwingine katika kahawa, nako ni kukata bei. Watu wazima walisema kukata bei kwa maana ya kupatana bei iwe moja, isibadilike. Vijana wengi wa leo wakisikia kukata bei huelewa kupunguza bei. Na kwa bahati mbaya, katika ile biashara tunayoiita butura, maana zote mbili hukutana. Mnunuzi humjia mtu mwenye shida ya ada ya shule au matibabu, kahawa ingali mtini. Humpa fedha kidogo leo, na bei hukatwa hapo hapo, yaani hufungwa. Kahawa ikiiva, bei ya chama huenda imepanda mara mbili, lakini yule aliyekwisha kukata bei hawezi kusema kitu. Serikali imepiga vita butura miaka mingi, na bado ipo, kwa sababu shida ya mwezi wa njaa haingoji mnada.

Tumefika mahakamani. Tulisema kwamba kukata shauri ni kulimaliza. Je, kukata rufaa ni kuimaliza rufaa? Hapana, ni kuianzisha. Ni kusema: shauri hili, ambalo mahakama imelikata, mimi nalipeleka juu likatazamwe upya. Tendo ni lile lile, kukata, lakini moja lafunga mlango na jingine laufungua.

Wenyeji wa Muleba watakumbuka kesi ya Ephrahim dhidi ya Pastory. Bibi Holaria Pastory alirithi ardhi ya ukoo kutoka kwa baba yake, kwa wosia. Mwaka 1988, akiwa amezeeka na hana wa kumtunza, aliiuza kwa shilingi 300,000. Mmoja wa ndugu za ukoo alimshtaki katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, akasema kwamba kwa mila za Wahaya mwanamke hawezi kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo ilikubaliana naye. Mauzo yakabatilishwa, na bibi akaamriwa kurudisha fedha.

Angalieni mahali pale. Shauri lilikuwa limekatwa. Kama angekata tamaa, yangekuwa yamekwisha. Yeye alikata rufaa. Mahakama ya Wilaya ikampa haki. Ndipo yule ndugu naye akakata rufaa, kesi ikafika Mahakama Kuu, Mwanza. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya aliamua kwamba wanawake wa Kihaya waweza kuuza ardhi ya ukoo kama wanaume, chini ya masharti yale yale. Na masharti ni kwamba ukoo, ukitaka ardhi yake, waweza kuikomboa kwa kumrudishia mnunuzi bei aliyolipa. Mara mbili katika safari hiyo watu walitumia neno kata, na mara zote mbili halikuwa na maana ya mwisho.

Lakini mlango huo haukai wazi siku zote. Asiyeridhika na hukumu ya Mahakama ya Mwanzo ana siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Wilaya. Tuseme mjane anapokea karatasi ya hukumu ya mirathi. Amejifunza kusoma, anaisoma peke yake, anafika penye maneno haya: "Una haki ya kukata rufaa katika Mahakama ya Wilaya katika siku 30." Anaona kukata, anaona katika, tena katika. Anafikiri haki yake imekatika. Anaikunja karatasi, anaiweka chini ya godoro. Siku ya 31 hairudi nyuma kwa urahisi.

Basi tulisaidie jicho lake. Katika iliyo mbele ya jina la mahali au ya muda ni neno dogo la kuonyesha ndani: katika Mahakama, katika siku 30. Katika iliyo tendo hubeba kiambishi mbele yake: imekatika, inakatika, ilikatika. Mwalimu aandike sentensi hii, nanyi mseme ipi ni ipi: Kamba imekatika katika kisima. Jirani akuulize, nawe umweleze, kisha mbadilishane.

Kazi ya juma lijalo ni hii. Kila mmoja atafute nyumbani kwake karatasi moja yenye neno kata, au kukata, au makato: stakabadhi ya chama, barua ya ofisi ya kata, tiketi, ujumbe wa simu unaoonyesha fedha zilizokatwa. Msiwaoneshe wengine namba za siri za simu. Nakili sentensi ile peke yake katika daftari, na chini yake uandike: nani anakata, anakata nini, na kwa ajili ya nini. Ukikosa jibu la swali moja, acha nafasi wazi, ulete daftari darasani hivyo hivyo. Walimu, mtakapokusanya kazi, anzeni na zile zenye nafasi wazi.

Kwaherini.