TRENI YA KWANZA IENDE POLEPOLE

Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Nairobi



Tumeombwa tuseme maneno machache juu ya serikali na vitu vipya: simu zinazotuma fedha, mikopo ya simu, teksi za kuitwa kwa simu, na vingine vinavyokuja kila mwaka. Sisi si wanasheria. Sisi ni watu wa njia ya reli, na masomo yetu yaliishia shule ya msingi ya misheni. Lakini kazi yetu imetufundisha jambo moja, nalo ndilo tuliloleta hapa leo.

Genge likimaliza kubadilisha mataruma, tuseme pale kati ya Kibera na Dagoretti, njia haifungwi mwaka mzima kwa sababu ya hofu. Wala dereva haruhusiwi kupita kwa mbio zake za kila siku. Kibao cha mwendo huwekwa, treni ya kwanza hupita polepole, nasi twasimama kando tukitazama. Kokoto zikikaa vizuri, mwendo waongezwa. Taruma likicheza, twalitengeneza, kisha treni ipite polepole tena. Ndivyo twataka serikali ifanye na kila kitu kipya.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Hao hao walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Uingereza mwaka 1865 walitunga sheria kwamba gari la mashine likipita barabarani, mtu atangulie mbele kwa miguu na bendera nyekundu, na mjini lisipite maili mbili kwa saa. Mtu huyo wa kutangulia hakuondolewa mpaka 1896. Huko ni kulifunga gari kamba kwa miaka 31 bila kwenda kuangalia kama njia imekwisha kukauka.

Hapa kwetu tumeona kazi iliyofanywa vizuri. Mwaka 2005 huduma ya M-Pesa ilianza kujaribiwa na watu wachache tu, hapa mjini, Mathare na Thika. Ilikusudiwa kulipia mikopo midogo, lakini watu wakaitumia kupelekeana fedha. Machi 2007 ikafunguliwa kwa wote. Sheria ya jambo hilo haikuwako. Benki Kuu, hapa jirani yetu Haile Selassie Avenue, ingaliweza kusema hapana. Haikusema hapana, wala haikufumba macho. Ilitoa barua ya kutopinga, ikaweka masharti: fedha za wateja zikae benki kwa amana, kando na fedha za kampuni, wala kampuni isizifanyie biashara yake. Desemba 2008 waziri wa fedha aliagiza huduma hiyo ikaguliwe, na mwanzo wa 2009 ikatangazwa kwamba ni salama. Sheria ya malipo ilipitishwa 2011, na kanuni zake zikatoka 2014. Kibao cha mwendo kilitangulia, ukaguzi ukafuata, sheria ikaja ya mwisho. Leo ni nani kati yetu asiyetuma fedha nyumbani kwa simu?

Lakini, ndugu, tumeona pia treni iliyoachwa ipite bila kibao. Mikopo ya simu ilienea miaka mingi bila mwenye kuitazama. Mwenzetu mmoja wa genge alikopa shilingi 3,000 mtoto alipougua. Mshahara ulipochelewa, wenye mkopo walimpigia simu nyapara wake, wakampigia na mama mkwe wake, wakamwita mwizi. Majina hayo waliyatoa katika simu yake mwenyewe. Mtu huyo aliona haya kuja kazini siku mbili, na siku hizo mbili zikakatwa mshahara. Tulichanga, tukamlipia.

Serikali iliziba ufa huo baada ya ukuta kuanza kuanguka. Aprili 2020 Benki Kuu iliwakataza wakopeshaji wasiosimamiwa kupeleka majina ya wadaiwa katika ofisi za kumbukumbu za mikopo. Desemba 2021 sheria ikabadilishwa, na Machi 2022 kanuni zikatoka: mkopeshaji lazima awe na leseni, asimtishe mdaiwa, asiwasumbue jamaa na rafiki zake. Walioomba leseni walikuwa 288. Kufikia Septemba 2022 waliopewa walikuwa 10 tu. Hapo mwaelewa ni wangapi waliokuwa wakipita njiani bila ruhusa.

Tena Julai 2023 tuliona foleni kubwa pale KICC. Kampuni ya Worldcoin ilikuwa ikipiga picha mboni za macho ya watu, na mtu akapewa sarafu ya mtandao ya thamani ya kama shilingi 7,000. Watu wengi walisimama kwa sababu ya njaa. Sheria ya kulinda habari za watu ilikuwako tangu 2019, lakini amri ya kusimamisha ilitoka tarehe 2 Agosti, baada ya foleni. Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru alama hizo zifutwe. Jicho halibadilishwi kama kitambulisho kilichopotea. Hapo ukaguzi ulipaswa kutangulia.

Sasa tuwatazame ndugu zetu madereva wa teksi za simu, wale wanaongojea abiria Westlands na Kilimani. Kanuni za 2022 zilisema kampuni isichukue zaidi ya asilimia 18 ya nauli. Ni jambo jema. Lakini anayepanga nauli ni nani? Ni kampuni. Nauli ikiwa shilingi 200, dereva abaki na 164, na ndani yake atoe petroli na kodi ya gari. Kampuni ikishusha nauli, asilimia ni ile ile na tumbo ni tupu. Julai 2024 madereva hapa Nairobi waligoma kwa sababu ya nauli. Mtu aliyeshika usukani angaliketi na waandishi wa kanuni, angaliwaambia jambo hilo siku ya kwanza.

Hilo ndilo neno letu kubwa. Taruma linalocheza huonwa kwanza na mtu wa genge, si na bwana mkubwa aliye ofisini. Serikali ikitaka kanuni zinazokwenda pamoja na vitu vipya, lazima iwe na macho njiani, na macho hayo ni wafanya kazi.

Sheria yatupa nafasi. Sheria ya mwaka 2013 juu ya kanuni yasema watakaoguswa na kanuni washauriwe kabla haijatungwa. Yasema tena kwamba kanuni hufa baada ya miaka 10, isipokuwa imeongezewa muda kidogo. Hiyo ni njema, lakini njia ya reli isiyokaguliwa miaka kumi ni kaburi. Kwa hivyo twaomba mkutano huu ukubali mambo matatu.

Kwanza, kila tawi lichague mtu mmoja wa kusoma Gazeti Rasmi la Serikali kila Ijumaa, na matangazo ya wizara, atuletee habari mapema. Maoni yanayopelekwa baada ya siku kupita ni karatasi tu.

Pili, kila kanuni ya kitu kipya inayogusa kazi au mshahara, chama kidai iandikwe ndani yake siku ya ukaguzi, isipite mwaka mmoja, na mfanya kazi awepo.

Tatu, mwanachama aliyeumizwa na kitu kipya asifiche kwa haya. Alete habari kwa katibu wa tawi: siku, kiasi, na maneno aliyoambiwa. Mwenzetu wa shilingi 3,000 alinyamaza, nasi tukapoteza ushahidi.

Hatukuja hapa kupinga vitu vipya. Reli yenyewe ilipofika hapa mwaka 1899 ilikuwa kitu kipya, na walioijenga hawakuulizwa neno. Safari hii tuulizwe. Na tusipoulizwa, twende wenyewe tukaseme.

Umoja ni nguvu.