Kabla ya Kusaini Mkataba wa Kituo cha Data



Kituo cha data hakikamiliki kwa kuezekwa. Jengo laweza kupendeza, lakini bila umeme wa akiba na mitambo ya kupoza hewa, kompyuta zilizomo zitazimika. Ndiyo maana tunasisitiza mkataba useme kwamba makabidhiano hufuata majaribio: umeme ukatwe makusudi, tuone jenereta zikibeba mzigo wote.

Linalotutia hofu zaidi ni mitambo inayoagizwa mapema. Jenereta na transfoma huchukua miezi mingi kufika, kwa hiyo mwenye mradi hulipa malipo ya awali jengo likingali msingi tu. Mkandarasi akifilisika, mitambo ni ya nani? Pasipo kifungu cha umiliki na dhamana ya benki, aliyelipa atapanga foleni pamoja na wadai wengine.

Miradi mingi ya kimataifa hutumia mikataba ya FIDIC. Katika toleo la 1999, mkandarasi anayedai muda au fedha za nyongeza asipotoa taarifa ndani ya siku 28, hupoteza haki yake. Toleo la 2017 limembana na mwenye mradi vilevile, jambo ambalo sisi tunaliona ni la haki. Basi kila barua iandikwe tarehe, na nakala ibaki ofisini.