Virusi, Mavuno na Afya ya Mwanachama
(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Namasakata, Mkoa wa Ruvuma)



Kwa desturi mikutano ya namna hii huzungumzia bei ya korosho, upungufu wa magunia na salfa iliyochelewa. Safari hii maneno yanamhusu mwenye shamba mwenyewe, kwa maana mikorosho haijipalilii.

Virusi vya UKIMWI, yaani VVU, ni vya ukoo uitwao retrovirusi. Tabia ya ukoo huu ni kwamba vikiisha kuingia katika chembe hai ya damu, hujiandika ndani ya maandishi ya urithi ya chembe hiyo. Ni mfano wa mtu asiyelima wala kuuza, aliyepenyeza jina lake katika daftari la chama. Kila daftari linaponakiliwa, naye hunakiliwa. Ndiyo sababu dawa zilizopo huvizuia virusi visizaliane, lakini hazilifuti jina lile. Kipo pia kirusi ndugu yake, HTLV-1, kilichotambuliwa mwaka 1980 na kinachopatikana katika sehemu nyingi za nchi za joto. Nacho hupita njia zilezile: kujamiiana, damu, na maziwa ya mama.

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na kufikia mwaka 1986 mikoa yote ya Bara ilikuwa na wagonjwa. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022–2023 ulionyesha kwamba asilimia 4.4 ya watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi wanaishi na VVU. Mijini hali ni nzito kuliko vijijini, na wengi vijijini wamejifariji kwa jambo hilo kupita kiasi.

Aghalabu mwanakijiji huambiwa kwamba hatari ni tabia mbaya, na maneno yakaishia hapo. Tabia ina sehemu yake, hakuna abishaye. Lakini tendo lilelile humletea mmoja maambukizo upesi kuliko mwingine, na sababu mojawapo ni maradhi ambayo kijiji kimeyazoea hata hakiyahesabu tena kuwa maradhi.

Katika vijiji vya Mwanza, kati ya mwaka 1991 na 1994, jumuiya 12 zilifuatiliwa. Katika nusu yake, matibabu ya magonjwa ya zinaa yaliboreshwa kwenye zahanati na vituo vya afya vya kawaida. Maambukizo mapya ya VVU yalipungua kwa takriban asilimia 40 kuliko katika jumuiya nyingine. Ni kweli kwamba jaribio la Rakai, Uganda, ambako watu wote walipewa dawa kwa mkupuo, halikuleta matokeo kama hayo. Huko ugonjwa ulikuwa umekwisha kuenea kwa muda mrefu. Hata hivyo kidonda cha sehemu za siri kisichotibiwa ni mlango ulioachwa wazi.

Kichocho nacho ni mlango. Mayai ya minyoo yake hukwama katika shingo ya kizazi, yakaleta vidonda na kutoka damu, na mwanamke akadhaniwa ana ugonjwa wa zinaa. Utafiti wa Zimbabwe uliochapishwa mwaka 2006 uliwakuta wanawake wenye vidonda hivyo wakiwa na VVU takriban mara tatu kuliko wenzao. Tafiti nyingine hazikuafikiana nao zote. Apandaye mpunga na kuchota maji kwenye madimbwi hana haja ya kungoja wataalamu wamalize mabishano: dawa ya kichocho ipo, nayo hufaa zaidi ikimezwa mapema, kabla makovu hayajajijenga.

Tena wilayani Kyela, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba wenye minyoo ya matende na mabusha walipata maambukizo mapya ya VVU takriban mara mbili kuliko wasio nayo. Hapa isieleweke vibaya. Mbu haambukizi VVU. Huambukiza minyoo, na minyoo huuamsha mwili kwa namna inayovirahisishia virusi kazi. Kwa hiyo anayekataa vidonge vya matende vinapogawiwa kijijini anapoteza zaidi ya anavyodhani.

Kuhusu jando, tohara ya mwanamume hupunguza hatari yake kwa takriban asilimia 60, kama ilivyothibitika Afrika Kusini, Kisumu na Rakai. Kupunguza si kuondoa, na wembe mmoja kwa watoto wengi ni hatari mpya. Mama mwenye VVU anayemeza dawa ipasavyo aendelee kunyonyesha. Bila dawa, watoto 15 hadi 45 kwa kila 100 huambukizwa, na kwa dawa hushuka chini ya 5.

Sasa yabaki mambo ya chama chenyewe. Fedha za korosho huja kwa mkupuo baada ya miezi mirefu ya ukata, na pamoja nazo huja wachukuzi, madereva na wafanyabiashara waliolala mbali na nyumba zao. Wanaume husafiri kwenda mjini kufuata malipo. Mwanamke aliyeokota korosho msimu mzima, lakini jina lake halimo katika daftari, hana sauti juu ya fedha wala, mara nyingi, juu ya kondomu. Kumwandikisha kuwa mwanachama kamili ni kazi ya ushirika, nayo ni kinga pia.

Katibu akijua hali ya mwanachama, hiyo ni siri. Sheria ya mwaka 2008 inakataza kuitangaza na kumbagua mtu kwa ajili yake. Mwenye VVU ambaye dawa zimevifubaza virusi vyake hadi kutoonekana kwenye vipimo hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana, naye hulima kama wengine. Kinachomwangusha ni kukatiza dawa, na msimu wa kuokota ndio humkatizia, maana kliniki na mizani humwita siku moja. Siku za kliniki zinajulikana zahanati, na zinaweza kuombwa kabla ghala halijafunguliwa, ili ratiba ya kupima mazao na mikutano ya malipo ipangwe kando yake.