Tohara ya Watoto: Pa Kukimbia na Pa Kungoja

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Kwa kuwa mimi ni mtumishi wa Serikali katika mambo ya afya, huenda mlitazamia nizungumzie malaria au maji safi. Nimechagua jambo linalosemwa kwa kunong'ona, nalo ni madhara makubwa ya tohara kwa watoto na tiba yake ya upasuaji. Mimi si daktari, kazi yangu ni ya ofisini. Lakini saa za kwanza mtoto huwa mikononi mwetu, sisi wazazi, wajomba na kaka.

Tohara yenyewe siipingi. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kuwa njia mojawapo ya kupunguza maambukizi ya UKIMWI. Uchunguzi wa Orange Farm huko Afrika Kusini, Kisumu nchini Kenya na Rakai nchini Uganda ulikuwa umeonyesha kuwa humpunguzia mwanamume hatari ya kuambukizwa na mwanamke kwa asilimia 60 hivi. Hata hivyo, kisu ni kisu. Utafiti wa Bungoma, Kenya, uliochapishwa mwaka 2008, ulikuta madhara kwa watu 35 hivi katika kila 100 waliotahiriwa kienyeji, na 18 hivi katika kila 100 waliotahiriwa kitabibu. Itazameni vizuri hesabu hiyo ya pili. Koti jeupe peke yake si kinga.

Ndugu zangu, shida yetu kubwa ni kwamba penye haraka tunangoja, na penye kungoja tunafanya haraka.

Kwanza, pa kukimbia. Damu isiyokoma haingoji asubuhi. Mtoto mchanga wa kilo 3 ana damu ya mililita 250 hivi mwilini mwote, haijai hata chupa moja ya soda. Kinachoonekana kidogo kwenye nepi kwake ni kingi. Bana jeraha kwa kitambaa safi bila kuachia, usifunge kwa uzi, na safari ianze hapo hapo. Kadhalika mkimbizeni mtoto ambaye uume unageuka mweusi, au asiyeweza kukojoa baada ya kufungwa bendeji, kwa maana bendeji iliyokazwa mno huziba mkojo na damu. Homa, usaha na taya kukakamaa ni dalili nyingine za kukimbia. Majivu na dawa za majani huweza kuingiza pepopunda katika kidonda.

Ikiwa kichwa cha uume kimekatwa, kipande kisitupwe. Kifungwe katika kitambaa safi chenye unyevu, kitiwe ndani ya mfuko wa plastiki, na mfuko huo uwekwe penye barafu, bila barafu kugusa nyama. Daktari wa upasuaji anaweza kukishona tena, na matumaini ni makubwa zaidi ndani ya saa 8 za kwanza. Kwa hiyo mtoto wa Mbamba Bay au Lituhi asiwekwe nyumbani mpaka kikao cha ukoo kiishe. Lami imefika ziwani kutoka Mbinga. Hospitali zipo Liuli, Litembo, Mbinga mjini, Peramiho na Songea. Anzeni na iliyo karibu, damu izuiwe, ndipo rufaa ifuate.

Pili, pa kungoja. Wakati mwingine kisu au uzi hutoboa mrija wa mkojo. Kidonda hupona, lakini tundu hubaki chini ya uume, na mkojo hutoka pawili. Hiyo ni fistula. Mzazi huomba lizibwe kesho yake. Hapana. Nyama iliyovimba haishiki uzi, na kila jaribio linaloshindwa huacha kovu linaloifanya kazi ya baadaye kuwa ngumu. Kwa kawaida madaktari husubiri miezi 6 au zaidi. Kisha hulifunga tundu tabaka kwa tabaka, wakiweka nyama hai katikati ili mishono isikae juu ya mishono, na mpira wa mkojo huachwa kwa siku kadhaa. Kazi hiyo ni ya daktari bingwa, na yafaa imfikie kabla wengine hawajajaribu. Kungoja huko si kukaa kimya nyumbani. Mtoto aandikishwe na kupewa tarehe.

Wengine tundu la mkojo husinyaa polepole, hata mtoto akajikamua na mkojo ukatoka kama uzi. Upasuaji wa kulipanua ni mfupi.

Tatu, kinga. Mtoto aliyezaliwa na tundu la mkojo upande wa chini, na hao ni mmoja hivi katika kila wavulana 200 hadi 300, asitahiriwe kabla ya kuonwa na bingwa, kwa sababu ngozi ile huhitajika kumtengenezea mrija. Penye historia ya kutoka damu nyingi katika ukoo, isemwe mapema. Tena govi la mtoto mdogo bado limegandamana na kichwa cha uume, kwa hiyo kulivuta na kukata bila kuona ndani ni hatari. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilielekeza mpango wa tohara ya kukinga UKIMWI kwa wenye miaka 15 na zaidi, na majeraha ya wavulana wadogo yalikuwa sababu mojawapo.

Mwisho, nasema nanyi wanafunzi. Bwenini huenda yupo mwenzenu asiyeoga na wengine, anayengoja usiku ndipo aende chooni. Msimcheke. Mwambieni kwa siri kwamba jambo lake lina jina na lina tiba, kisha msindikizeni kwa mwalimu au mganga. Wazee wetu walisema, mficha uchi hazai. Kwa mtoto huyu maneno hayo yaweza kuwa kweli tupu.