MAMA WA MTOTO NJITI ASIACHWE PEKE YAKE
(Maneno ya Katibu mkutanoni)

Mama akijifungua kabla mimba haijatimiza wiki 37, mtoto hulazwa chumba cha njiti. Mama yuko wodi nyingine, au karudi nyumbani mikono mitupu. Maziwa yamejaa, mtoto hayupo. Halafu sisi tunamuuliza, "Ulikula nini wewe?" Tuache kabisa maneno hayo.

Mwaka 2021 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa nchi tano, na Muhimbili yetu ikiwemo. Njiti waliowekwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, mara baada ya kuzaliwa, vifo vyao vilipungua kwa robo hivi kuliko waliosubirishwa. Basi mama ni sehemu ya tiba, afikishwe kwa mtoto wake.

Tugawane kazi:
1. Tumchangie nauli.
2. Majirani wampikie uji, wampalilie shamba, wawaangalie watoto waliobaki.
3. Baba naye ambebe mtoto kifuani, wauguzi watamwelekeza.

Mama akikosa usingizi, akikataa kula, akilia kwa wiki mbili, huo si uchawi wala deko. Ni ugonjwa, nao unatibika. Aambiwe muuguzi. Akitamka kujiua, apelekwe siku hiyo hiyo.

Kazi ianze leo.