Bunduki na Kibao cha Shule

Katika chumba kidogo cha parokia tumeweka bunduki ya kale na vibao vya kuandikia vya wanafunzi wa zamani. Kule Mpala vita na masomo vilikaa pamoja: Emile Storms alijenga boma mwaka 1883, Mapadri Weupe wakalipokea mwaka 1885, halafu Kapitani Joubert, aliyekuwa askari wa Papa, akawalinda watu na wakamata-watumwa. Mpala alisoma Stefano Kaoze, aliyepewa upadri mwaka 1917, padri wetu wa kwanza. Lakini askari wa Storms walimwua sultani Lusinga mwaka 1884, na fuvu lake likapelekwa Ubelgiji. Nalo ni urithi wetu. Wazee, tuleteeni madaftari yenu kabla ya mchwa. Nasi tutaandika jina la Lusinga kando ya bunduki.